Pointi za Busara za Kapita Sadiki

Neema na Bienfait, funguo za sale, huu ukumbi wetu wa michezo ya televisheni, mnazo, na mmeshajua kwamba kitasa cha mlango wa nyuma kinataka kusukumwa kwa goti kabla ya kuzungushwa. Mengine mliniomba niyaandike. Ninyi mnacheza vizuri kuliko mimi, vidole vyenu ni vyepesi. Lakini kuwaketisha watu mbele ya mchezo wa safari na kuwaeleza sifa za mhusika ni kazi nyingine, na hiyo nimeifanya hapa Kalundu mpaka nywele zikabadilika rangi. Nitaandika ninavyokumbuka. Anayetaka kujua nililipwaje na nilianza lini kuitwa meneja, akaulize kwingine.

Niliingia humu kama fundi wa redio. Yaya Odette, mwenye sale na dada mkubwa wa kila mtu hapa, aliniita nitazame stabilizata, kile chombo cha kutuliza umeme, iliyokuwa inatoa harufu ya kuungua. Jengo lilikuwa bohari ya mchele kabla ya kuwa sale, na vumbi la pumba lilikuwa bado linadondoka kutoka kwenye mbao za dari na kuingia ndani ya mashine. Nilifungua, nikasafisha, nikafunga, nikasimama nikisubiri kuambiwa asante niende zangu. Yaya Odette akaniwekea mikononi maneti, kile kidude cha vifungo cha kuchezea.

"Kaa, Papa Kashindi," alisema. "Muntu anatengeneza mashine yangu lazima ajue inafanya kazi gani."

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo sijapata kumsikia mtu akilimaliza. Sisi tuliuita Ile ya Mlima, kwa sababu safari yote inaelekea kileleni, kwenye jumba la joka. Kabla ya kuanza safari, mchezo unakuuliza mtu wako ni wa namna gani. Unakupa fungu la pointi na sifa sita, nawe unagawa. Yaya Odette alikuwa amezipa zile sifa majina yake, na majina hayo ndiyo mnayoyatumia mpaka leo bila kujua yalitoka wapi. Nguvu ni kupiga, kusukuma na kubeba mizigo. Wepesi ni kukwepa, kulenga mshale, kufungua kufuli bila kelele. Kifua kinaamua utapigwa kiasi gani kabla ya kuanguka, na utastahimili baridi na sumu mpaka wapi. Akili ni kusoma maandishi na kujua uganga. Busara ni kuona kilichofichwa, mtego chini ya majani au uongo usoni mwa mtu. Na ya sita ni Mdomo, yaani kuongea na mtu mpaka akupishe njia au akupunguzie bei. Kifaransa kinaiita hiyo kwa jina la heshima zaidi, lakini Yaya Odette alikuwa ameuza vitenge sokoni kwa miaka mingi na alisema anajua vizuri kitu kile kinakaa wapi.

Mimi niliweka karibu zote kwenye Nguvu. Wanaume wote hufanya hivyo siku ya kwanza, na ukiwaambia wasifanye watafanya kwa hasira. Nilitoka kijijini na shoka kubwa begani, nikatembea hatua chache porini, nikauawa na panya. Si joka, si jambazi. Panya wa shambani, na wala hakuwa mkubwa kuliko wenzake.

"Uko na nguvu ya kuvunja nyumba," Yaya Odette alisema bila kucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. "Lakini panya haumuoni, hauwezi kumukwepa, na kifua yako ni ya kitoto. Ile shoka utaipiga nani nayo?"

Ndipo akanieleza lile ambalo na ninyi mnapaswa kumweleza kila mtu mapema. Kila unapojaribu jambo ndani ya mchezo, mashine inarusha dadu usiyoiona. Halafu inaongeza kitu kidogo kutokana na sifa yako, na inalinganisha jumla na ugumu wa jambo lenyewe. Sifa kubwa haikupi ushindi, inaisukuma tu dadu upande wako. Ukiwa dhaifu unaweza kubahatika, na ukiwa hodari unaweza kuteleza mbele za watu. Lakini yapo mambo ambayo dadu haiyagusi kabisa. Kuna upanga ambao usipokuwa na Nguvu ya kiasi fulani hauinuki, na kuna kitabu ambacho bila Akili ya kiasi fulani ni karatasi tupu. Hapo huombi bahati. Una kiasi kinachotakiwa au huna.

Sikurudi kwenye redio zangu. Nilimwambia mke wangu kwamba sale inahitaji fundi wa kudumu, na hilo lilikuwa kweli, ingawa alinitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba amemaliza kuelewa kabla sijamaliza kusema.

Kuhusu vyombo, sikilizeni. Stabilizata ndiyo roho ya hii sale. Televisheni ikiharibika mteja anahamia nyingine, lakini stabilizata ikichoka, umeme ukirudi kwa kishindo, mnafunga mlango. Iguseni kila asubuhi kwa nyuma ya mkono. Maneti iliyomwagiwa soda msiianike juani, ifungueni, mwifute kwa pamba na spiriti, kisha mwizike ndani ya mchele mkavu. Mimi nilitumia mchele wa Bwegera, kwa sababu dada yangu aliolewa kule na hakuna mwaka alioacha kuniletea. Mwaka ziwa lilipopanda mpaka kwenye kizingiti chetu, tulizika maneti zote kwenye gunia moja, na zilitoka zikifanya kazi. Ule mchele tuliupika baadaye. Yaya Odette alisema una ladha ya vidole vya watu.

Sheria yake ilikuwa moja, na niliishika mpaka siku ya mwisho. Mweleze mteja sifa inafanya nini, halafu nyamaza. Usimchagulie. Usimnyang'anye maneti hata kama anaelekea shimoni, hata kama ni shemeji yako.

Kunyamaza kulikuwa kugumu. Kulikuwa na mkulima mmoja wa mpunga aliyekuja siku za soko, mtu mtaratibu sana, ambaye kila alipopanda nivo, yaani ngazi ya mchezo, na kupewa pointi mpya alikataa kuzigawa. Alisema anaziweka akiba, msimu haujafika. Alitembea nchi nzima ya mchezo na udhaifu wa siku ya kwanza, huku pointi zikijaa pembeni kama mbegu ghalani, na kila nilipopita nyuma ya kiti chake nilikuwa nauma ulimi. Jitu la kwanza la maana lilimfuta, yeye na akiba yake. Aliinuka ametulia kabisa, akasema sasa anajua mvua za kule zinanyesha lini.

Kulikuwa pia na mzee wa Mulenge aliyeshuka na kijana aliyetaka kumwoa mpwa wake. Nadhani mtu alimdanganya kwamba humu mtu hupimwa moyo. Alimketisha yule kijana, akaniambia nimpe pointi agawe, yeye akasimama nyuma na fimbo yake. Kijana aliweka zote kwenye Mdomo. Mzee alivaa kofia yake akatoka nje bila kuaga. Arusi ilifanyika hata hivyo, maana kijana alimfuata nje wakaongea, na inaelekea pointi zilikuwa zimekaa mahali pake.

Kutokana na watu kama hao nilijijengea imani kwamba nikitazama mgawo wa mtu, namjua. Mara nyingi nilikuwa sahihi. Sasa niwaeleze kisa ambacho kwa muda mrefu sikukisoma vizuri, kile cha watu wa Tuvumiliane.

Mnajua wavuvi wa taa wanavyoishi. Giza likiwepo wako majini, na mwezi ukiwa mkubwa wale samaki wadogo, ndagala, hawaifuati taa, kwa hiyo mtumbwi unalala ufukweni na watu wanakosa la kufanya mchana. Ndiyo maana sale yetu inajaa kwa mwezi wala si kwa Jumamosi. Watu wa mtumbwi ulioitwa Tuvumiliane walikuwa wanakuja kila mwezi mkubwa, saa za mchana, wanne pamoja. Kapita wao, yaani nahodha, alikuwa Sadiki, mtu mnene wa sauti ya chini, aliyekuwa ameliendesha lile kundi tangu injini yao ilipokuwa makasia. Mateso alikuwa mtu wa injini, mwenye haraka na mkono mzuri. Rukundo alikuwa mtoto wa wafugaji wa Bijombo aliyeshuka kuja kuvua akiwa mtu mzima, na maneno yake yalikuwa machache mno. Wa nne ni Mama Feza, mwenye nyavu, aliyewauzia samaki wao na kuwakemea wote sawasawa.

Walitengeneza mtu mmoja kwa wote wanne. Walimpa jina la mtumbwi wao, Tuvumiliane, na wakafanya kosa ambalo sidhani mtu wa nchi nyingine angelifanya. Waligawa pointi kwa likelemba. Kama vile watu wanavyochanga na kila mara fungu lote linamwendea mmoja kwa zamu, wao kila Tuvumiliane alipopanda nivo walimpa mmoja kati yao wanne pointi zote afanye atakavyo, na wengine hawana ruhusa ya kusema neno. Zamu ya Mateso zilikwenda kwenye Nguvu. Zamu ya Mama Feza zilikwenda kwenye Mdomo, na alianza kupunguziwa bei na wachuuzi wa mchezo mpaka akawa anawaonea huruma. Rukundo aliweka kwenye Kifua, kwa sababu, alisema, mlima hauulizi kitu kingine. Na Sadiki, kila zamu bila kukosa, aliweka kwenye Busara.

Kama likelemba, ilikuwa haki tupu. Kama mchezo, ilikuwa maafa. Ile ya Mlima inampenda mtu aliyechagua, na Tuvumiliane alikuwa hodari kidogo kwa kila jambo na hodari kweli kwa hakuna. Alichonga safari yake kwa ubishi na bahati. Mimi niliwaeleza kila sifa inafanya nini, kisha nikanyamaza, na nikaenda kukaa karibu na stabilizata ili nisisikike nikihema.

Busara ilikuwa na jambo moja zuri. Ikiwa kubwa, vitu vilivyofichwa vinaanza kung'aa kwa rangi ya dhahabu. Sifa ikipanda, mwanga nao unapanda. Tuvumiliane alikuwa na Busara nyingi kiasi kwamba akiingia pangoni, mitego iliwaka kama taa za mitumbwi. Nilimwona Sadiki akivuta kiti chake mbele zaidi kila mwezi, na nilijiambia huyu ni kapita wa kweli, hataki mshangao. Hayo ndiyo niliyoyasoma kwenye mgawo wake.

Basi wakafika kwenye lango la chuma, nusu ya mlima. Lile lango linataka Nguvu ya kiasi chake, dadu haihusiki. Wao walikuwa wamepungukiwa mbali, na nivo mpya hazikuwa karibu. Lakini jirani na lango kuna kisima. Ukinywa, pointi zote ulizoongeza safarini zinarudi mkononi, na unazigawa upya. Unakunywa mara moja tu katika safari nzima. Mdomo wa Mama Feza haukuweza kuguswa, kwa sababu bila wachuuzi hawana chakula. Kifua cha Rukundo ndicho kilichowazuia kufa kwa baridi. Ya kutolewa ilibaki Busara, na kila mtu mle ndani aliliona hilo, hata watu wa meza za jirani waliokuwa wanajifanya wanacheza mpira.

"Kapita," Mateso alisema, "tunatosha Busara. Yote. Tunaiweka mu Nguvu, tunafungua, tunaenda."

"Hapana," Sadiki alisema. "Busara inabaki."

"Juu ya nini?" Mateso alitaka sababu.

"Juu ya minye nimesema."

"Hii haiko mutumbwi, Kapita. Hapa kila muntu iko na zamu yake. Utuambie juu ya nini."

Sadiki alivuta kiti chake mbele. Mateso, ambaye hasira yake huja haraka na kuondoka haraka, aliinyoosha maneti kuelekea kioo cha televisheni, pale kisima kilipokuwa kimeorodhesha namba zote.

"Basi soma weye mwenyewe. Soma Nguvu yetu iko ngapi, na lango inaomba ngapi. Soma, halafu uniambie kama minye niko na kosa."

Zilikuwa namba kubwa, nyeupe. Sadiki aligeuza kichwa polepole, huku na huku, akizitafuta. Alipita juu yake akaenda mpaka ukingo wa televisheni, akarudi. Meza za jirani ziliacha kujifanya.

"Sadiki," Mama Feza alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hauoni."

"Naona ile inang'aa," alisema Sadiki. "Ile ya dhahabu naona. Ingine yote iko moshi."

Daktari alikuwa amemwambia tangu mvua zilizopita. Ulikuwa ule ugonjwa unaokula macho kutoka pembeni kuja katikati. Alipewa dawa ya matone, ya kushikilia kilichobaki, na aliambiwa kilichokwenda hakirudi. Hakumwambia mtu. Mateso alikaa chini taratibu, na hamna haja ya kukisia alichokuwa anakifikiria, kwa sababu alikisema.

"Na kila giza tuko tunaingia na weye mu maji."

"Rukundo anakaa mbele. Minye nauliza, yeye anajibu."

"Tulifikiri uko unamufundisha."

"Nilikuwa namufundisha pia," Sadiki alisema.

Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha kufutia mkononi, na nilijisikia vibaya sana. Wote tulijua kanuni yao, walikuwa wameisema mbele yetu mara nyingi kwa majigambo: asiyeingia majini na Tuvumiliane hana zamu kwenye Tuvumiliane. Ndiyo iliyowazuia binamu na mashemeji wasijipenyeze kwenye mchezo. Mtu asiyeona hawezi kuwa kapita usiku ziwani, hilo halikuwa na ubishi, na Sadiki mwenyewe alilisema kabla ya wengine. Mwezi ukipungua, alisema, Mateso atashika usukani. Kisha akaiweka mikono yake magotini, na ilionekana wazi kwamba alichokuwa anakisubiri ni hilo lingine. Ziwa alikuwa amekwisha kuliaga moyoni. Kiti hiki cha plastiki katikati ya wenzake alikuwa bado hajakiaga.

Mateso alisema, akitazama sakafu, kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba wao wenyewe waliiweka.

"Minye siingii mu maji," Mama Feza alisema, "na niko na zamu."

"Weye uko na nyavu."

"Na yeye iko na nini? Sema. Miaka yote hii iko na nini?"

Hapo Rukundo, ambaye kwa kawaida ungemsahau chumbani, aliongea.

"Iko na minye," alisema. "Vyenye naona mu maji, ni yeye alinionyesha. Niliposhuka ku Bijombo sikujua hata upepo ya maji ni gani. Kama minye niko na zamu, na yeye iko nayo."

Mateso alifikiri. Nampenda Mateso kwa sababu anapofikiri hafichi, uso wote unafanya kazi. Kisha akasema sawa, zamu ya Kapita ni ya Kapita, na anayebisha akatafute mtumbwi mwingine. Na papo hapo akabadilisha upande kabisa, akatangaza kwamba Busara haitolewi hata pointi moja, lango libaki limefungwa mpaka mwisho wa dunia, wao watakaa nje wakitazama mitego inavyong'aa. Ugomvi ukaanza upya, safari hii kinyume, kwa sababu sasa Sadiki ndiye aliyetaka itolewe.

"Papa Kashindi," aliniita. "Busara ikitoka, nini inabaki?"

Nilimweleza kama ninavyomweleza kila mteja. Mwanga wa dhahabu utakufa. Mitego itabaki pale pale ilipo, na mwenye macho anaweza kuiona akiangalia vizuri, jiwe lililoinuka kidogo, majani yaliyopangwa mno. Sifa ya Busara inafanya kazi ya kuangalia kwa niaba yako. Isipokuwepo, mnaangalia wenyewe. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonielemea kuliko kote, kwa sababu nilitaka kumwambia abaki nayo.

"Basi," Sadiki alisema. "Hawa batatu bako na macho nzima, kila muntu mbili. Ile mwanga hata nikiiacha, mwaka kesho sitaiona. Mateso, tosha."

Mateso alizitoa moja moja, pole pole, na kila moja aliitaja kwa sauti ili Kapita ajue. Dhahabu ilififia kwenye kioo. Walipomaliza waliweka zote kwenye Nguvu, wakalisukuma lango, na lango likafunguka kwa kishindo kilichowafanya watu wa meza zote wapige makofi. Tuvumiliane aliingia kwa fahari, akakanyaga mtego wa kwanza, akafa. Wakamrudisha, akakanyaga wa pili. Mama Feza alisema kama ni hivyo afadhali wangebaki nje.

Lakini walijifunza, na jinsi walivyojifunza ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote. Zamu ya Sadiki ya kucheza ilipofika, alishika maneti mwenyewe, na wale watatu wakawa wanamwambia. Mwanzoni walimwambia wote pamoja, akagonga kila ukuta wa lile pango. Halafu wakagawana. Mateso alitazama chini, Mama Feza alitazama sura za watu, Rukundo alitazama mbali. "Kushoto kuko jiwe imeinuka." "Huyu anacheka na meno tu, usimukaribie." Sadiki alisikiliza, akasogeza kidole, akapita. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko wote. Walicheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza wakati Busara ilikuwa imejaa, kwa sababu zamani mwanga ulipowaangalizia walikuwa wanapiga soga. Wateja wengine waliacha michezo yao kuja kusikiliza, na Yaya Odette, ambaye kwa wakati huo alikuwa anakuja kutusalimia tu, alivuta kiti akasema hii ingetangazwa redioni.

Mateso akawa kapita majini. Sadiki aliacha ziwa, akawa anashona nyavu za Mama Feza kwa kupapasa, kazi ambayo alisema vidole viliijua kabla ya macho. Mwezi ulipokuwa mkubwa, Mateso alimfuata kwa pikipiki, wakaja wote wanne kama kawaida. Kila mwezi alikuwa anaona kidogo kuliko mwezi uliopita. Hakulificha tena na sisi hatukulizungukazunguka. Walichotaka ni kufika kileleni akiwa angalau anatofautisha mwanga na giza.

Walifika jumba la joka mchana mmoja, sale imejaa mpaka mlangoni. Joka lenyewe halikupigwa. Mdomo wa Tuvumiliane ulikuwa umefika mahali ambapo unaruhusiwa kuongea nalo, na Mama Feza alichagua maneno kwa muda mrefu kiasi kwamba, kwa maoni yangu, lilimpisha kwa kuchoka. Zikabaki ngazi za mwisho na mlango unaotoka nje, kileleni. Ilikuwa zamu ya Sadiki. Alipanda ngazi akiongozwa na sauti zao, akafika mlangoni, akabonyeza. Mlango ulianza kufunguka, na umeme ukakatika.

Stabilizata ililia mara moja ikazima. Televisheni zote zikawa nyeusi. Niliinuka kwenda kuvuta kamba ya jenereta.

"Tumefika?" Sadiki aliuliza. Alikuwa bado ameshika maneti kwa mikono miwili, amekielekea kioo. "Rukundo, weye unatazamaka mbali. Kunaonekana nini?"

Mateso alifungua kinywa. Mama Feza alimwekea mkono gotini. Rukundo alikitazama kioo cheusi, kisha akaanza.

"Tumefika, Kapita. Tuko juu kabisa. Nyasi iko mufupi, juu ya upepo. Hapa karibu kuko ng'ombe, moja ya madoa imelala. Ukitazama chini unaona bonde yote ya Ruzizi, na muto unapinda, unapinda, mpaka unaingia mu ziwa. Kule Bwegera mupunga iko kijani. Ng'ambo kuko milima ya Burundi, na wingu imekaa juu yake. Ziwa imelala. Hakuna mawimbi."

Nilikuwa nimesimama na kamba mkononi. Sikuivuta. Sale nzima ilikuwa imegeukia kile kioo ambacho hakikuwa na kitu, na nilijikuta na mimi nakitazama.

Rukundo alisita. Nadhani alihisi amesema mambo mengi kuliko mwaka mzima.

"Televisheni ilinyamaza kabla haujaanza kusema," Sadiki alimwambia kwa upole. "Minye ni macho tu ndiyo inaisha. Masikio iko. Endelea. Mutumbwi yetu inaonekana?"

"Inaonekana," Rukundo alisema. "Mateso iko anaipeleka kombo."

"Basi umuambie ashike kushoto," alisema Sadiki.